Kuset tapeti za BMW boxer ya zamani wewe mwenyewe, hapo hapo nyumbani

Swali huwa linakuja hivi: "Kaka, mzee ameniachia BMW ya zamani, injini imetoka nje pande mbili kama masikio, ikiwaka inalia tik tik tik tik, je inakufa?" Haifi. Ni tapeti, yaani lile gepu dogo kati ya valvu na roka (mkono mdogo unaoisukuma valvu), na karibu kila mara ni tapeti tu. Nimejibu hili kwenye simu, nimejibu barabarani Jinja watu wakinisimamisha, nimejibu hata msibani, sasa naandika mara moja halafu nitakuwa natuma hii.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Hapa Uganda ukisema Boxer kila mtu anaona Bajaj ya boda. Niliwahi kuingia Kisekka, soko la spea pale Kampala, nikaomba gasketi ya Boxer, yule kijana alikuwa ameshaweka mezani gasketi tatu kabla sijamaliza sentensi, bei nzuri kabisa, zote za Bajaj. Boxer ninayosema mimi ni jinsi injini ilivyokaa, silinda mbili zimelala, moja kushoto moja kulia, pistoni zinatoka nje pamoja na kurudi ndani pamoja kama bondia anayegonga glavu zake. Inapozwa na upepo tu, haina maji wala rejeta. Na haina cheni, nguvu inaenda tairi la nyuma kwa shafti. BMW walianza mpango huu 1923 na R32 na hawajauacha mpaka leo, ila mwongozo huu ni wa zile za upepo za kuanzia 1969, yaani R50/5, R60/5, R75/5, halafu /6, /7, R80, R100 na kadhalika. Kazi ni ile ile kwa zote, namba moja tu ndio inabadilika na nitaisema.

Yangu ni R75/5 ya 1972 na ndiyo nitakayoitumia kama mfano. Kwa wale wanaopenda namba: cc 745, pistoni milimita 82, mwendo wake milimita 70.6, hp 50, gia nne, umeme volti 12, breki za dramu mbele na nyuma, tairi la mbele inchi 19 na la nyuma 18, kabureta mbili za Bing, na uzito kama kilo 210 ikiwa na mafuta. Ukitoka kwenye boda ya cc 100 halafu ukapanda hii utaona mikono inatetemeka, na sio baridi. R60/5 ni cc 599 na hp 40, R50/5 ni cc 498 na hp 32, kwa nje ni mapacha, kwa hiyo usiamini kibandiko cha pembeni kwa sababu watu wamebadilisha vibandiko tangu zamani.

Mambo ya kuwa nayo kabla hujagusa kitu

Injini BARIDI. Naiweka namba moja kwa sababu ndipo watu wengi wanapoharibu. Sio baridi ya "nimeizima nikanywa chai", ni baridi ya kulala usiku mzima. Chuma na alumini vikipata moto vinatanuka, gepu unalopima sio lile la kitabu. Mimi nafanya asubuhi kabla ya jua kupanda, saa moja hivi.

Fila geji, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia gepu, yenye karatasi za 0.10, 0.15 na 0.20. Hii nunua mpya, zile za kuazima huwa zimekunjwa na mtu alikwangulia plagi.

Spana ya plagi, soketi za nati za kifuniko cha valvu, na spana mbili nyembamba za adjasta (skrubu ya kurekebisha gepu) na nati yake ya kufungia. Jaribu spana zako kwenye adjasta kabla ya siku ya kazi, usigundue saa mbili asubuhi kwamba spana yako ni nene haiingii.

Tochi. Ya simu inatosha lakini mkono wa tatu hutakuwa nao, kwa hiyo mtafute mtoto wa jirani.

Beseni dogo au jerikeni iliyokatwa ubavu kwa ajili ya oili, matambaa, na gasketi mbili za vifuniko. Gasketi nzima ya zamani inaweza kurudi, ikiwa imevunjika hapo Kisekka wapo wanaokata kwa pepa ya gasketi ukiwapelekea ile ya zamani kama kipimo. Usiwaambie ni ya Boxer.

Toki spana, ile inayopima nguvu ya kukaza, ukiwa nayo ni nzuri. Ukiwa huna, kuna hatua moja utairuka na hakuna ubaya.

Namba zenyewe

/5 na za karibu yake: valvu ya kuingiza 0.15, valvu ya ekzosi 0.20. Zile za baadaye, kuanzia /7 kuja mbele: kuingiza 0.10, ekzosi 0.20. Zote milimita, zote injini baridi. Ukiwa na kitabu cha pikipiki yako na kinasema tofauti na mimi, fuata kitabu.

Kujua ipi ni ipi: kabureta iko nyuma ya silinda, kwa hiyo valvu ya nyuma ni ya kuingiza. Bomba la moshi linatokea mbele, kwa hiyo ya mbele ni ya ekzosi. Pande zote mbili ni hivyo hivyo.

Kazi sasa

1. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa ya katikati, mahali tambarare, tairi la nyuma linatakiwa lizunguke hewani. Kama linagusa chini weka kipande cha ubao chini ya stendi. Zima switchi na utoe ufunguo uweke mfukoni, sio juu ya tangi.

2. Piga upepo au pangusa vumbi kuzunguka plagi na vifuniko. Barabara zetu za maramu mnazijua, ukifungua plagi bila kusafisha ule mchanga wote unaingia ndani ya silinda na hapo umeanza kazi nyingine kubwa kuliko hii. Toa plagi zote mbili. Bila plagi injini inazunguka kwa mkono kama baiskeli.

3. Fungua kifuniko cha valvu upande mmoja, tuseme kushoto. Kuna nati ya katikati na mbili za pembeni. Weka beseni chini, oili kidogo itamwagika na hiyo ni kawaida. Kikigoma usichokonoe na bisibisi kwenye ule mstari, ni alumini laini, ukikwangua itavuja maisha yake yote. Kigonge na kiganja au nyundo ya raba kitaachia chenyewe. Angalia gasketi imebaki upande gani.

4. Weka gia ya juu kabisa, ya nne kwa /5, ya tano kwa zile za baadaye. Ukilizungusha tairi la nyuma kwa mkono, kuelekea mbele kama pikipiki inavyotembea, injini nayo itazunguka. Jaribu polepole, angalia roka zinavyopanda na kushuka. Mimi huwa nazungusha mara kadhaa bila sababu, inapendeza tu kuangalia.

Kuna wanaopenda kuzungusha kwa mbele, wanafungua kava la mbele ya injini na kutumia ufunguo wa Allen kwenye bolti ya alteneta. Inafanya kazi vizuri, ila SIKILIZA: kabla ya kugusa kava lile toa waya wa negativu kwenye betri. Nyuma yake kuna bodi ya dayodi ambayo ina umeme wa betri muda wote hata switchi ikiwa imezimwa, na kava ni la chuma, ukilivuta likagusa utaona cheche na utanunua bodi. Kwa mtu anayeanza mimi nasema tumia tairi, acha kava lipumzike.

5. Sasa kutafuta OT. Upande wa kushoto wa injini, nyuma ya silinda karibu na dipstiki, kuna kizibo kidogo cha raba. Kitoe, mulika tochi ndani, utaona flaiwili, gurudumu zito la injini. Zungusha tairi polepole mpaka herufi zianze kupita. Itakuja F kwanza, halafu S, hizo ni za taiming ya moto, ziache zipite. Inayofuata ni OT na mstari wake. Ni Kijerumani, maana yake pistoni imefika mwisho wake wa juu, kwa hii yetu mwisho wa nje. Simamisha mstari katikati ya tundu. Ukipita kidogo usirudi nyuma nusu nusu, rudisha sana halafu uje tena mbele. Ukishaipata mara ya kwanza paka alama ya chaki nyeupe kwenye ule mstari, mwakani utajishukuru.

6. Hapa ndipo wengi wanapotea kwa hiyo twende taratibu. Pistoni zote mbili zinafika OT kwa wakati mmoja, lakini upande mmoja umebana hewa na petroli tayari kwa moto, valvu zote zimefungwa, na upande wa pili unamalizia kutoa moshi, valvu zake zimefunguka kidogo. Unaset ule uliobana peke yake. Utaujuaje? Shika roka zote mbili kwa vidole uzitikise. Zikicheza zote mbili, tik tik kidogo, huo ndio upande wako. Zikiwa zimekaza hazitikisiki, uko upande mbaya, zungusha tairi mpaka OT ije tena.

Mimi mara ya kwanza sikujua hilo. Niliona OT nikafurahi nikaanza kazi, upande ulikuwa ule wa kutoa moshi, gepu halikuwepo kabisa, nikasema aa kumbe tapeti zilikuwa zimekaza, nikalegeza mpaka fila geji ikapita vizuri. Nikafunga kila kitu, nikawasha. Ndugu zangu, ililia kama mashine ya kusaga mahindi, jirani akatoka nje na taulo. Nguvu hakuna, inakohoa. Nikazima nikakaa chini nikala rolex yangu (chapati ya mayai) kimya kimya halafu nikaanza upya.

7. Kama una toki spana, na ikiwa hedi ilifunguliwa hivi karibuni, huu ndio wakati wa kukagua nati za silinda hedi, kabla ya tapeti, kwa sababu ukizigusa baadaye gepu linabadilika. Ni nati nne zinazoshika roka na mbili nyingine za hedi, moja juu na moja chini, unaenda kwa msalaba sio kwa mduara, Nm 35. Huna toki spana? Ruka hatua hii. Usikaze "kwa kukisia na mkono". Stadi zake zimeingia kwenye alumini, mkono wa nguvu unazing'oa na thredi zake, hapo ndio utamjua fundi wa Katwe kwa jina na yeye atakujua kwa jina.

8. Pima. Ingiza fila geji kati ya ncha ya valvu na roka, 0.15 kwa ya nyuma, 0.20 kwa ya mbele. Inatakiwa ipite huku inavuta kidogo, kama unachomoa noti kwenye pochi iliyojaa. Ikipita bila kugusa ni legevu, ikigoma ni kaza. Kama iko sawa usiiguse, funga tu, nimeona watu wanafungua tapeti nzima kwa sababu wameshika spana.

Kama haiko sawa: legeza nati ya kufungia, zungusha adjasta kidogo sana, acha fila geji ikiwa ndani, ukihisi ule mvuto simama. Sasa shika adjasta isisogee kwa spana ya kwanza, kaza nati kwa spana ya pili. Toa fila geji. Halafu pima TENA, kwa sababu ukikaza nati adjasta inasogea nywele moja na hiyo nywele ndio 0.05 yako. Mimi kwa kawaida narudia mara mbili, wakati mwingine nne, na sijioni mjinga.

9. Zungusha tairi mpaka OT ije tena, yaani injini izunguke duara moja kamili, halafu nenda upande wa kulia ufanye yale yale. Tikisa roka kwanza. Usiseme "lazima itakuwa sawa", tikisa.

10. Futa nyuso zote mbili za kifuniko mpaka zikauke, weka gasketi, rudisha kifuniko, nati kwa kupokezana. Usikaze kama tairi la lori. Rudisha kizibo cha raba kwenye tundu la OT, hiki watu wanakisahau kabisa, na tope la barabarani linaingia kwenye flaiwili.

11. Plagi: gepu 0.6 mpaka 0.7, ianze kwa vidole mpaka ikae, spana baadaye. Ikianza kugoma mapema toa uanze upya, ukiilazimisha inakula thredi. Rudisha kofia za plagi zote mbili zikae vizuri. Na kwa wale wenye za 1981 kuja mbele, zenye ignishoni ya elektroniki, usizungushe stata hata sekunde moja kofia ya plagi ikining'inia hewani, unaweza kuunguza boksi.

12. Toa kwenye gia (mnacheka, lakini), washa, sikiliza.

Sauti ikoje ikiwa sawa

Mnataka iwe kimya kama gari jipya. Haitakuwa. Boxer nzuri ya upepo inatoa tik tik nyepesi, sawa sawa pande zote mbili, kama cherehani ikiwa chumba cha pili. Mtu akikuambia ameset tapeti zako mpaka hazisikiki hata kidogo, usimlipe bado. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Tapeti ikikaza sana valvu haikai kabisa kwenye kiti chake, na pale kwenye kiti ndipo inapotolea joto, ikikosa hapo inaungua. Kuna fundi alinisetia hivyo zamani, kwa masikio, injini ikiwa ya moto, ilikuwa tamu kabisa mpaka Lugazi, halafu silinda ya kulia ikaanza kukata na valvu ya ekzosi nikaitoa ina pengo ukingoni kama jino. Legevu kidogo inapiga kelele tu, kaza inakula hela.

Mimi nakagua kila kilomita 5,000.

Yakikushinda

Tairi linazunguka lakini roka hazisogei. Gia haijaingia. Sukuma lever tena huku unazungusha tairi kidogo. Kama gia imeingia kweli na plagi zote ziko nje, basi klachi inateleza, na hiyo sio ya mwongozo huu.

Kelele upande mmoja baada ya kuset na gepu liko sawa. Shika roka uivute juu na chini kwenye shafti yake, sio ule mchezo wa mbele na nyuma. Ikicheza juu na chini hiyo ndiyo inayopiga kelele, na watu wanakimbizana na adjasta mwaka mzima bure. Inarekebishwa kwa kubana vishikio vya roka pamoja wakati wa kukaza hedi, kwa hiyo inarudi kwenye habari ya toki spana.

Oili inavuja. Angalia inatokea wapi hasa, futa kwanza pakauke, washa dakika tano, halafu angalia. Ikitoka kwenye mstari wa kifuniko ni gasketi imekaa vibaya. Ikitoka chini ya silinda, pale yale mabomba mawili yanapoingia kwenye injini, hizo ni raba za pushirodi zimekauka kwa uzee, na kubadilisha gasketi ya kifuniko hakutasaidia kitu.

Na ukiwa kwenye oili, pima bila kukaza dipstiki, iegeshe tu juu ya thredi uitoe. R75/5 inaingia lita 2, au 2.25 ukibadilisha na filta, 20W-50 inatosha. Usijaze mpaka alama ya juu, itaitema kwenye kabureta na utafikiri inavuja. Ya filta nitaandika siku nyingine kwa sababu kuna O-ringi moja pale ukiisahau presha ya oili inapotea na injini inaenda nayo.

Inawaka silinda moja tu. Dondosha maji kidogo kwenye bomba la kila upande, linalochemka linafanya kazi, lililopoa halifanyi. Upande uliopoa angalia kofia ya plagi kwanza, naahidi ni hiyo. Kama siyo, rudi hatua ya 6.

Sailensa (mzunguko wa injini bila kupiga gesi) haitulii, inapanda na kushuka. Sasa ndio unaruhusiwa kugusa kabureta. Mpangilio ni tapeti kwanza, moto pili, kabureta mwisho, na pointi za ignishoni kama unazo gepu lake ni kama 0.35 mpaka 0.40. Wengi wanaanza na kabureta kwa sababu skrubu zake ziko nje zinaonekana, wanazungusha wee mpaka jioni, na tapeti ndio ilikuwa inawacheka.

Gepu la ekzosi linapungua kila ukipima. Hili lichukulie kwa uzito. Tapeti kwa kawaida inalegea kwa kutumika, ikiwa inakaza yenyewe maana yake valvu inazama kwenye kiti chake au inaanza kurefuka. Ndio maana nina daftari, tarehe, kilomita, na namba nne kabla sijarekebisha. Yangu ya kushoto imenisumbua mwaka huu, niliacha 0.20 nikaikuta 0.17, nikairudisha, baada ya kilomita elfu mbili ikawa 0.16. Hedi inatoka mwezi ujao, mwenye kifaa cha kubana springi za valvu hapa Jinja aseme.